Mbwa Aliyekula kwa Ruhusa Yangu

Nilimfundisha mbwa wa watu asile chakula cha mtu yeyote ila mimi, na siku nilipoulizwa kama kuna jambo lolote la kujua kumhusu, nikasema hakuna. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Mimi ni bawabu katika nyumba moja ya Al-Hamra, Jeddah. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka sita Nairobi kwenye kampuni ya ulinzi, kitengo cha mbwa. Bosi, yaani kafili wangu, mdhamini aliyeniletea viza, alipolijua hilo alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alikuwa ameletewa mbwa dume wa miezi minane, aina ile ya polisi yenye masikio yaliyosimama, na nyumba nzima haikujua imfanye nini. Watoto walimpiga picha siku mbili wakamchoka. Bosi ni mtu wa swala tano na hakutaka mate ya mbwa yamguse nguo, kwa hiyo alimpenda kwa mbali, mikono nyuma. Mbwa akawa wangu kwa kila kitu isipokuwa karatasi.

Bosi alitaka mashindano. Riyadh kulikuwa na watu wenye mbwa waliokuwa wakikutana kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kupimana utii wa wanyama wao. Ngazi ya kwanza si ya ajabu. Mbwa atembee ubavuni kwako bila kuvuta kamba, bega lake likienda sawa na goti lako la kushoto. Akae unaposimama. Alale, angoje, aje akiitwa. Mwisho asimame wima bila kujikunyata huku mtu asiyemjua akimpapasa mgongo na kumfunua meno. Yote hayo mbwa mwenye akili anaweza kuyajua kwa wiki chache. Kazi ni kumfanya ayafanye siku ambayo hataki.

Tulianza kabla jua halijachomoza, kwa sababu likishachomoza lami ya Jeddah inababua nyayo. Miezi ya joto tulishuka kwenye maegesho ya chini ya nyumba, tukazunguka magari ya bosi, mimi na yeye na mwangwi wa viatu vyangu. Mfukoni nilikuwa na vipande vya kuku wa kuchemsha vilivyokatwa vidogo kama ukucha. Amri naitoa mara moja tu. Ukiirudia, mbwa anajifunza kwamba ya kwanza haina maana. Na somo unalikatiza yeye bado analitaka, hata kama mwenyewe ndiyo kwanza umepamba moto. Hayo nilifundishwa Nairobi na mkufunzi mmoja mkali ambaye hakuwahi kumpiga mbwa, ila sisi alitutukana kila siku.

Na hapo ndipo nilipoleta cha Nairobi kisichohitajika Jeddah. Kwetu, mwizi kabla ya kuruka ukuta hurusha nyama yenye sumu. Ndiyo maana mbwa wa ulinzi hufunzwa kukataa. Unampa mtu mgeni nyama iliyopakwa pilipili, anamnyooshea mbwa, mbwa anaonja anajuta. Kesho mtu mwingine, kesho kutwa mwingine, mpaka mbwa aone kila mkono wa binadamu ni pilipili, isipokuwa mkono wa mtunzaji wake, na hata huo mpaka asikie neno. Neno letu lilikuwa "haya". Lakini kwenye kampuni kila mbwa alikuwa na watunzaji wawili, wa mchana na wa usiku, na wote wawili walimlisha tangu siku ya kwanza. Ilikuwa sheria. Mmoja akiugua au akifukuzwa, mbwa asife njaa.

Al-Hamra hakuna anayerusha nyama ukutani. Na mtunzaji wa pili sikumweka. Ningeweza kumtumia dada wa jikoni, Mmombasa mwenzetu, ambaye angeweka sahani chini bila kumgusa mbwa. Sikumwomba. Nisiseme nilisahau. Katika nyumba ile nilifungua lango nilipoambiwa fungua, nilifunga nilipoambiwa funga, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilikaa mahali nisipopajua. Kiumbe mmoja tu alikuwa haguswi na amri ya mtu mwingine ila yangu, na nilipenda hivyo. Nilipenda sana.

Safari moja homa ilinilaza siku mbili. Siku ya tatu dada wa jikoni akaja mlangoni pangu uso ameukunja.

"Kaka, mbwa wako hajala. Nimemtilia wali na nyama, amekaa tu akiutazama mlango wako. Kwani umemfanyia nini?"

Nikacheka. Nikajikokota hadi bandani, nikasema "haya," akala mpaka sahani ikasogea ukutani. Dada akatikisa kichwa.

"Mwenzangu, huko si kumfunza. Huko ni kumfunga."

Nikamwambia yeye ashike mwiko wake.

Kwenda Riyadh kwa barabara ni siku nzima. Nilikaa nyuma ya gari na mbwa. Ngazi ya kwanza alipita. Alipoteza alama kwa sababu alikaa upande upande mara mbili, lakini mwamuzi alipompapasa alisimama kama nguzo, na bosi, ambaye alikuwa amesimama na kanzu nyeupe mbali na manyoya, alipiga makofi kuliko wote. Njia nzima ya kurudi alizungumza juu ya ngazi ya pili.

Ngazi ya pili ni kitu kingine. Kamba inaondoka. Mbwa anatupiwa kigongo cha mbao, anangoja, anakifuata, anakileta na kukishika kinywani bila kukitafuna mpaka umpokee. Unamlaza, unatoka nje ya ukumbi asikuone, na yeye abaki palepale. Kuna na jaribio la chakula: kinawekwa njiani, na mbwa apite bila kunusa. Kigongo kilinitoa jasho miezi miwili, maana alikipenda mno akawa hataki kukiachia. Jaribio la chakula halikuwa na la kufundishwa. Bosi alikuwa akiwaita wageni wake uani, nyama ya kondoo inawekwa mbele ya pua ya mbwa, udenda unamtiririka mpaka chini, na haigusi. Wageni wanacheka. Mimi nangoja bosi anipe ishara ndipo niseme neno. Bosi aliuona ni mchezo mzuri wa mashindano. Kwamba mbwa hawezi kula vinginevyo, siku zote, hilo hakulijua, na mimi sikumwambia.

Ngazi ya pili Riyadh akawa wa kwanza. Baada ya hapo tulialikwa kwa rafiki wa bosi, mwenye migahawa mtaa wa Al-Sulimaniyah. Mtu yule alimzunguka mbwa mara tatu. Akamsifu macho, akamsifu mwendo, akasema hajaona mnyama wa namna hii. Huku kitu cha mtu kikisifiwa namna hiyo mbele yake, heshima inamtaka akitoe. Bosi hakusita hata kidogo.

"Ni wako," akasema. "Halas, chukua."

Mwenye migahawa akakataa kwa adabu, bosi akashikilia, akakubali. Kisha akanielekezea kidole akauliza kama na mimi nabaki. Bosi akaniita pembeni.

Nilikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani, imebaki wiki tatu. Ilikuwa imeahirishwa mara mbili tayari. Binti yangu alizaliwa nikiwa huku. Nilimjua kwenye simu tu, na alikuwa amefikisha miaka miwili na nusu. Bosi akanieleza vizuri kabisa, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Kama mbwa anahitaji nimzoeshe kwa wenyeji wapya, nitabaki Riyadh mwezi mmoja au miwili, nitasafiri baadaye. Kama hahitaji, tunarudi Jeddah naye atanitolea ruhusa ya kutoka kama alivyoahidi.

"Niambie. Kuna kitu lazima wakijue?"

"Mafi, bosi. Hakuna kitu."

Akanipiga bega. Mbwa alikuwa amelala pale nilipomlaza, akiningoja nirudi nimpokee. Nikampa kamba dereva wa mwenyeji nikaingia kwenye gari.

Dereva yule ni Mkenya, Mluhya mcheshi, mtu wa kanisa. Tulikuwa tumebadilishana namba siku ileile. Siku ya nne akanipigia.

"Buda, hii mbwa yako imekataa kula. Nimeipea kuku, nimeipea nyama ya mbuzi, imekataa. Shida iko wapi?"

Nikamwambia aweke sahani aseme "haya". Akasema. Nilimsikia akisema, mara ya kwanza kwa sauti yake, halafu akajaribu kuiga yangu. Hakuna. Nikamtumia sauti yangu kwenye simu. Akaniambia mbwa aliruka, akazunguka gari, akachungulia chini ya gari, akarudi akala robo ya sahani. Nikashukuru Mungu. Kesho yake aliisikia tena sauti ile, akazunguka tena gari, lakini kula hakula. Siku ya tatu ya kusikizwa sauti ile hakuinuka.

"Buda, kwani uliifunza aje?"

"Ni ugeni tu," nikamwambia. "Mpe muda."

Siku zile nilipishana na bosi langoni mara kumi kwa siku. Ilikuwa sentensi moja tu. Angenirudisha Riyadh jioni hiyohiyo, na mbwa angekula, na mimi ningebaki huko na ruhusa yangu ingekwenda kusikojulikana. Nikajiambia njaa itamshinda. Nikajiambia ni mbwa. Nikajiambia kuna daktari wa mifugo, na kweli aliitwa, akamtundikia maji ya dripu, akasema hana ugonjwa wowote anaouona. Dada wa jikoni aliniona sili vizuri akaniuliza kulikoni. Nikamjibu vibaya.

Nikapanda ndege.

Nyumbani walinichinjia mbuzi. Binti yangu alijificha nyuma ya gauni la mama yake, na nilipomnyooshea biskuti akaitazama, akaitazama sura yangu, akakataa. Mke wangu akacheka, akasema ataizoea sura yangu. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nikatulia.

Siku ya tano ya likizo dereva akaandika kwamba mbwa amekufa. Aliandika hivyo tu, na chini yake Mungu atusaidie. Wakati huo nilikuwa nimemweka mtoto mapajani, amekubali hatimaye, anachezea kifungo cha shati langu. Niliendelea kumshika. Nilimlilia mbwa yule wiki nzima, nikimdanganya mke wangu kwamba ni macho, ni vumbi la mchanga nililotoka nalo huko. Nilikuwa nimemnyima chakula kwa kinywa changu mwenyewe, mimi niliyemlisha kipande kwa kipande.

Niliporudi Jeddah, bosi mwenyewe alinipokea langoni. Alikuwa na hasira, lakini si na mimi.

"Watu wa Riyadh hawajui mbwa," akasema. "Rafiki yangu alinipigia, akauliza kama mbwa alikuwa na kasoro. Nikamwambia nilimuuliza mtunzaji wake, akasema hakuna, na mtu wangu hasemi uongo. Basi akajua ni dereva. Chakula alikuwa anakula yeye, mbwa anaachiwa sahani tupu. Amemrudisha kwao Kenya."

Alisema pia kwamba ameagiza mtoto wa mbwa mwingine, atafika mwisho wa mwezi, na safari hii hatampa mtu hata asifiwe vipi. Yalla, nikapumzike. Nikasema shukran, bosi. Nikabeba begi langu hadi chumbani.

Mtoto wa mbwa alifika. Anakula kwa dada wa jikoni, kwa watoto, kwa mtunza bustani, kwa fundi wa mabomba aliyekuja siku moja tu. Ngazi ya kwanza ataipita. Ya pili sidhani, na bosi ameanza kuniuliza kwa nini huyu hana adabu ya chakula kama yule.

Dereva aliniandikia akiwa ameshafika kwao. Hakunitukana. Aliandika kwamba wakala wake wa ajira hapokei tena simu zake, kwamba ameandikwa mwizi kwenye ripoti, kwamba kanisani watu wameanza kusikia. "Buda, wewe ndio unajua vile uliifunza. Ambia bosi wako aambie bosi wangu. Ni hiyo tu naomba."

Niliufungua ujumbe huo asubuhi, langoni, bosi akiwa anatoka na gari. Alishusha kioo akanisalimu, nami nikamsalimu, nikafunga lango nyuma yake. Ni miezi minne sasa. Sijamjibu dereva, na alama mbili za buluu kwenye simu yake zinamwambia kwamba nimesoma.