Kichwa Cheupe Ndani ya Lundo

Harufu ya pamba mpya hunirudisha ndani ya lundo alimonifukia baba. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefika kijijini kwetu, Bariadi, kila mtu akawahi kuvuna, nasi watoto tukaachishwa shule. Mwenyekiti wa kijiji alipotonywa kuwa mkaguzi wa ajira za watoto anakuja, aliagiza tufichwe.

“Watoto wote wako shule, mzee,” mwenyekiti akamwapia mkaguzi mbele ya lundo.

Nikaibuka, pamba tele kichwani. “Shikamoo! Mimi nataka kufanya mtihani.”

Mkaguzi akaangua kicheko. “Mwenyekiti, na huyu mwenye mvi ni bibi yako?”

Kesho yake nilikuwa darasani. Leo nimerudi Bariadi na diploma yangu, na mkaguzi ni mimi. Viapo sisikilizi. Naanza kwa kuingiza mkono kwenye pamba.