Ndama wa Somo la Amani

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Msowero, maana wao huongeza chumvi. Niliporudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya ualimu (kutoka Kilosa hadi Mikumi nani mwingine alikuwa nayo?), walimu wenzangu walisema sitaweza kamwe kuwakalisha wakulima na wafugaji benchi moja. Mwalimu Mkuu akaongeza kwamba kipindi changu cha amani na haki za binadamu kikiharibika mbele ya mkaguzi, nitapelekwa darasa la kwanza nikahesabishe vijiti.

Zana za kufundishia zilikuwepo: picha za kadibodi za mkulima, mfugaji na ng'ombe. Lakini msomi mzima nishike ng'ombe wa kadibodi? Nikaamua kutumia zana halisi. Nikaazima benchi kanisani, jembe kwa Mama Yohana, ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na shule, na ndama kwa Mzee Koinet, mfugaji ambaye hakuwa akisalimiana na mama huyo tangu msimu uliopita, ng'ombe wake walipokula mahindi hayo hayo.

Siku ikafika, wazazi wakajaa, wakulima huku, wafugaji kule. Nikaanza vizuri sana (nilikuwa na tai), ila haki za binadamu huwezi kuzieleza kwa mkono mmoja, basi kamba ya ndama nikaifunga kwenye mguu wa meza ya mkaguzi nikaendelea kupunga mikono, na nilipofika kwenye neno "uvumilivu" ndama akasikia harufu ya mahindi, akaondoka na meza, chai ikabaki kwenye suruali ya mkaguzi, kamba ikakatika, naye huyo shambani, nami nyuma yake na viatu vyangu vya ng'ambo, nikiteleza, nikianguka, nikiinuka, nikianguka tena.

"Mwalimu, toka!" Mama Yohana akapiga kelele. "Ndama anapita kati ya mistari, wewe unalala juu ya mahindi!"

Mzee Koinet akapiga mluzi mmoja tu, ndama akarudi. Mimi nilirudi baadaye, na majani kwenye tai. Nikawakuta wawili hao wameketi kwenye benchi la kanisa, bega kwa bega, wananisubiri.

"Mama," mzee akauliza kwa upole, "shamba limeharibiwa na ng'ombe au na diploma?"

"Ng'ombe wako hana kosa, baba. Diploma ilipe."

Wakulima na wafugaji wakapiga makofi pamoja.

"Lengo la somo limefikiwa," mkaguzi akasema, akikamua suruali.

Hivyo kipindi kikabaki changu, na shamba pia. Nilipanda upya, nikapalilia msimu mzima kwa jembe lile lile la kuazima, na watoto wa pande zote mbili wakija kunicheka kwa mshikamano wa kupigiwa mfano.

Baada ya mavuno nikamlipa kila aliyenikopesha. Benchi lilikwisha kurudi kanisani, Mzee Koinet akapata kamba mpya, na mahindi nikayabeba kichwani hadi mlangoni kwa Mama Yohana.

"Shikamoo, mama. Na jembe lako hili hapa."

"Marahaba." Akaligeuzageuza. "Mbona limelika hivi?"

"Somo lilikuwa refu, mama."

Tangu siku hiyo ng'ombe wangu ni wa kadibodi, naye hali mahindi ya mtu.