Neno Jekundu Kwenye Ukuta wa Mama

Kiingereza changu nimekiokota Tunduma, mpakani, kwenye kupatana bei na Wazambia. Cha darasani kilinifundisha kusalimia na kushukuru. Cha mpakani kikanifundisha roteni, dameji, ekspaya, skrepa. Mnunuzi akifungua gunia lako akasema roteni, yaani mzigo umeoza, ujue safari yako imekufa hapo hapo. Sijui kwa nini maneno ya kuharibu ndiyo yanayowahi kutufikia.

Neno moja la aina hiyo sikutegemea kulikuta nyumbani kwa mama, kijijini Nanyala.

Nilikwenda kumsalimia mvua zilipokatika. Kwetu mvua zikikatika wanawake husiriba nyumba, na kwenye kusiriba mama hana mchezo. Ukuta unaotazama barabara kuu ulikuwa unang'aa kwa udongo mweupe. Katikati, kwa rangi nyekundu: DEMOLISH. Mama alikuwa amelizungushia udongo kwa ncha ya kidole, herufi kwa herufi, bila kuligusa.

"Mama, nani kaandika hapa?"

"Watu wa barabara. Walikuja niko shambani. Nikasema maandishi ya wakubwa hayafutwi. Si ndiyo wanaandikisha nyumba za kuwekewa umeme?"

"Mama, wanasema nyumba itabomolewa."

Alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akageukia shamba, mahindi bado yamesimama, mabichi. "Na mahindi nitayaweka wapi, mwanangu?"

Kesho yake nikaenda ofisini kwa hao watu wa barabara. Sikuomba nyumba iachwe. Barabara ni ya wote, nami sina wazimu. Niliomba wamwache mama avune kwanza, basi.

Afisa akatoa simu, akanionyesha picha ya ukuta. "Dada, mama yako alijua siku nyingi. Kama hakujua, mbona hilo neno kalizungushia urembo?"

Jamani! Nikamwambia, salamu umenipa kwa Kiswahili, nyumba ya mama umeniuliza ni ipi kwa Kiswahili, Kiingereza kimekupanda wapi uliposhika brashi? Bomoa! Herufi tano tu! Mama angelisoma hilo, Biblia si anaisoma kila Jumapili? Akasema huo ndio utaratibu. Utaratibu wa nani? Unamhukumu mtu kwa lugha asiyoijua, halafu heshima yake unaigeuza ushahidi! Aliita mtu mwingine aliyekuwa nyuma yangu.

Tingatinga lilipokuja tulikuwa tumeshatoa vitanda na masufuria. Mahindi tuliyavuna hivyo hivyo, hayajakauka, tukayarundika kwa jirani, na tayari yalikuwa yameanza kunuka. Roteni, angesema Mzambia wangu, na safari hii nisingebishana naye.

Dereva akawasha mashine. Mama akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya udongo mweupe, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta.

"Mama, toka hapo!" nikapiga kelele.

"Nisubirini," alisema, hata hakugeuka. "Nyumba yangu haianguki na uchafu wa mtu."

Dereva akazima mashine. Mama akaanza na herufi ya kwanza, akasiriba taratibu mpaka ya mwisho, ukuta ukabaki mweupe wote. Akanawa mikono, akamwambia dereva aendelee.