Mtu Asiye na Nyumba

Marehemu mume wangu alikuwa na tabia iliyowachekesha watoto wa dada zangu. Tukitoka Moroni kwenda uwanja wa ndege, tukikaribia kona moja ya mawe meusi, alimwomba dereva wa teksi apunguze mwendo. Kisha alitoa kitambulisho mfukoni, akakiweka juu ya goti, akakishika hapo mpaka kona ipite. Hapakuwa na mtu wa kukitazama. Mamluki wa Kizungu walikuwa wamekwisha ondoka nchini, na ule mlingoti waliouweka kuzuia njia ulikuwa umeng'olewa zamani. Yalibaki mapipa yaliyojazwa mawe, na mbuzi wakilala kivulini mwake. Madereva waliomjua walipunguza mwendo bila kuombwa. Wasiomjua waliuliza, "Mzee, umesahau kitu?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

Sikusoma sana. Nilikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha madarasa machache ya shule, na Kiswahili nilifundishwa na baba, aliyewahi kufanya biashara Unguja. Naandika haya kwa sababu watoto walikuwa wakicheka na mimi sikuwahi kuwaeleza.

Mume wangu alizaliwa Majunga, Bukini, kile kisiwa kikubwa cha ng'ambo, kwa wazazi wenye asili ya Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani. Watu wetu walipouawa kule, yeye na mama yake walijificha ndani ya ghala la mchele. Walirudishwa visiwani kwa meli pamoja na wengine. Mama alikwenda Mutsamudu kwa ndugu zake. Yeye alikuja Moroni kutafuta kazi ya uashi, akanioa mimi, binti wa mtaa wa Badjanani, katika vichochoro vya nyuma ya msikiti wa kale wa Ijumaa.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, tena huanza kukusanya mawe binti angali anatambaa. Mume huingia na sanduku lake la nguo. Siku ya harusi yetu mjomba wangu mkubwa, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alimkalisha mume wangu mkekani mbele ya watu.

"Bwana harusi," alimwambia, "hapa utakula, utalala, utaheshimiwa. Lakini siku nitakayosikia umesema 'nyumba yangu', nitacheka mpaka meno yaniishe."

"Yamebaki mangapi, mjomba?" mtu alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Ya kumcheka huyu yanatosha!"

Mume wangu aliuliza kwa adabu, "Na nikiulizwa nina nyumba wapi, niseme nini?"

"Sema huna. Mimi na mvi zangu zote hizi sina. Nyumba ni ya mke wangu, akiniudhi nalala msikitini."

Watu walicheka, naye alicheka. Lakini lile neno alilishika. Vijana wa mtaani walikuwa wakimwita mgeni wa Majunga, na matamshi yake yaliwafurahisha kwa ubaya. Akiulizwa habari za nyumba alijibu, "Mimi sina nyumba, nipo kwa mke wangu," akitabasamu kama mwanafunzi aliyehifadhi sura yake vizuri. Kwake ilikuwa ndiyo njia ya kuwa mtu wa hapa.

Mamluki walipokuja, na vizuizi vikawekwa njiani, wengi wetu hatukuchukia mara moja. Sitadanganya. Serikali ya kabla yao nayo iliwaweka vijana wenye bunduki barabarani, na vijana wale waliwavua wanawake buibui mbele za watu. Mama yangu alisema afadhali Mzungu asiyenijua kuliko mtoto wa jirani. Mume wangu ndiye aliyevitetea vizuizi kuliko wote. Wanaume wakinung'unika barazani kwamba wanapekuliwa kama wezi katika nchi yao, yeye alisema, "Acheni wanipekue. Kule kwetu hakusimama askari hata mmoja njiani, na wenye mapanga walipita." Nani atabishana na mtu wa ghala la mchele?

Asubuhi moja jirani mwenye simu alikuja mbio kutuita. Dada wa mume wangu alikuwa akipiga kutoka hospitali ya Hombo, kule Mutsamudu. Mama yao alikuwa amekufa alfajiri. Nilisimama karibu na simu, nikamsikia shemeji yangu akilia na kusema, "Ndege ya asubuhi ipo. Njoo, kaka. Lazima azikwe leo, lakini tutakungoja. Wewe ndiye utakayemshusha."

Alikuwa mtoto wake pekee wa kiume. Yeye ndiye aliyestahili kuingia kaburini kumpokea. Tuliondoka kwa teksi bila kunywa chai.

Kwenye kizuizi cha ile kona ya mawe meusi alisimama askari kijana, mwenzetu wa kisiwa hiki. Mzungu alikaa nyuma yake chini ya turubai, miguu juu ya sanduku la risasi. Siku zile kulikuwa na uvumi wa njama, kwa hiyo magari yote yalisimamishwa. Askari alitazama kitambulisho, akamwonyesha mkubwa wake mahali palipoandikwa Majunga. Mzungu aliuliza, askari akatafsiri.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Sina nyumba," mume wangu alijibu.

Hata siku ile, na msiba ule, alilisema kwa heshima kama alivyofundishwa. Nilimwona askari akisita. Kisha aligeuka, akayapeleka maneno kwa Kifaransa. Mzungu alishusha miguu. Mtu aliyezaliwa ng'ambo, asiye na nyumba, anakimbilia ndege siku ya uvumi. Mume wangu aliamriwa kushuka na kukaa chini, mgongo kwenye pipa.

Nilishuka nami. "Nyumba ni yangu! Huyu ni mume wangu, mama yake amekufa, anakwenda kumzika!"

Wakazungumza. Askari akaniambia bila kunitazama, "Bibi, anataka karatasi ya nyumba."

Nyumba zetu zilikuwa na karatasi gani? Watu ndio waliojua. Askari akasema basi aletwe mtu mzima wa mtaa ashuhudie. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniambia, "Nenda upesi, mke wangu," na tena, nikiwa nimekwisha ingia kwenye teksi, "Upesi."

Mjomba nilimkuta anatia udhu. Alikuja na kanzu imelowa mikono. Tulipokuwa tunarudi, kabla ya kona, ndege ilipita juu yetu ikielekea baharini. Mjomba aliitazama kupitia dirisha.

Alishuhudia. Mzungu alisikiliza, akacheka kidogo, akarudisha kitambulisho. Askari alitafsiri: "Anasema mumeo angesema hivyo tangu mwanzo."

Mume wangu alikwenda kukaa kwenye teksi. Mimi nilibaki nyuma. Yule kijana alisogea, akaniambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Nilimwelewa, bibi. Hata baba yangu hana nyumba."

"Basi kwa nini hukumwambia mkubwa wako?"

"Nilimwambia alichosema."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko majibu mengine yote niliyopewa maishani. Hakuwa mkatili.

Tulipiga simu Mutsamudu kutoka posta. Walikuwa wamekwisha mwosha na kumvika sanda. Walisema watangoja, kwa kuwa huenda tungepata chombo chochote cha kuvukia. Hatukupata. Walingoja mpaka baada ya alasiri, kisha mume wa dada yake akaingia kaburini.

Siku iliyofuata tulipanda ndege. Kati ya uwanja wa Ouani na Mutsamudu kulikuwa na kizuizi kingine, na askari mwingine, na swali lilelile. Mume wangu alimtazama usoni. "Nina nyumba," alisema. "Nyumba yangu iko Moroni, Badjanani." Tukaruhusiwa mara moja. Nilitazama mikono yangu. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, na uongo ule ulitoka umenyooka, hauna hata kikohozi.

Dada yake alitupokea amejifunika shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa huko. "Mlango tuliuacha wazi, kaka," alisema. "Kila gari likipita tulisema ndiye."

Kaburini udongo ulikuwa bado mbichi. Alipiga magoti, akaweka viganja juu yake, akavibonyeza kidogo, kama mwashi anayejaribu saruji kama imeshika.

Baadaye sana nilimuuliza kama bado anaona vizuizi ni jambo jema. Alikuwa anavua viatu vyenye chokaa. "Majunga nilitamani askari mmoja tu," alisema. "Bado namtamani. Lakini si yule." Barazani hakuzungumzia jambo hilo tena. Na neno "nyumba" aliliacha kabisa. Alisema "kule", au "ndani", au alionyesha kwa kidevu.

Alikufa mwaka jana, kwa kifua. Watu walipokusanyika kumwosha, mpwa wangu, ambaye sasa ndiye mwenye kauli baada ya wajomba kwisha, alikuja mlangoni kwangu. Kwetu mwanamume akifa jambo hilo huulizwa: jeneza litoke kwa mama yake, au kwa dada zake, au wapi? Naye mama yake alikuwa chini ya udongo wa Mutsamudu.

"Mama mkubwa, atoke nyumba gani?"

"Nyumbani kwake," nilisema.

"Mutsamudu, mama?"

"Hapa. Nyumba hii ni yake."

Wanawake waliokuwa nyuma yangu walitazamana. Mpwa wangu alinitazama, akatazama kuta ambazo babu yake alinijengea mimi, kisha akaenda kuwaambia wanaume.

Wanawake wa kwetu hawafuati jeneza. Nilisimama mlangoni nikisikiliza sauti zao zikipungua kuelekea barabara ya uwanja wa ndege, kwa kuwa makaburi yako upande huo. Mpwa wangu aliniambia jioni kwamba walipofika kwenye kona ya mapipa, mzee mmoja dereva wa teksi, aliyekuwa akitembea mbele ya jeneza, alipunguza mwendo, na wote nyuma yake wakapunguza. Halafu wakapita.