Safari ya Mgogoni kwa Ajili ya Koki Moja

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta. Ofisini kwetu tunaangalia viwanda vya watu tukiwa mbali. Vidude vya kupima joto na mvuke vinafungwa kwenye mitambo, takwimu zinatujia kwa mtandao, na programu ya akili mnemba inazisoma na kutuonyesha penye kasoro. Kijijini Mgogoni, Pemba, tunahudumia kiwanda kidogo cha mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua. Wiki tatu mfululizo programu ililalamikia tangi la tatu: mvuke unakatwa alasiri kabla ya wakati wake, na kila mara aliye zamu ni mtu mmoja, Bi Riziki.

Bosi hakutaka maneno mengi. Alinipa koki ya mvuke inayojifungua na kujifunga yenyewe, na bahasha. "Funga koki, iangalie siku mbili, halafu mpe yule mama barua yake." Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi. Nikasema sawa, bosi. Mdomo wangu mwepesi sana wa kusema sawa, kisha moyo ndio unabaki kuhangaika.

Jumatatu asubuhi nilipanda ndege ndogo. Kabla hatujatua Pemba nilikuwa nimeihamisha ile bahasha mara nne, kutoka mkoba kwenda begi, kutoka begi kurudi mkoba. Jirani yangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, kwa ukali ambao hakustahili.

Saa nne nilikuwa Tibirinzi, kwa Mwalimu Grace, mtu wa kwetu Morogoro anayefundisha sekondari huku mwaka wa tisa sasa. Akanimiminia chai.

"Umekuja kufunga kidude tu?"

"Kidude, na barua ya kumwachisha mtu kazi."

Akaweka chupa ya chai chini. "Haya. Basi kula ushibe, mdogo wangu. Kule Mgogoni watakupenda kabla hujafungua mdomo, na hapo ndipo utakapojuta."

Mchana nilifika Mgogoni kwa bodaboda. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kando ya njia majamvi yalitandazwa uwanja kwa uwanja, karafuu zikianikwa juani. Kiwanda ni banda la mabati lenye matangi matatu na tanuri. Bi Riziki alinipokea mlangoni. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mikono imekomaa kwa joto, na ana sauti ya kuamrisha hata anapokuombea dua.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huko Dari Salama wazima wote?"

"Wazima, Bi."

"Alhamdulillahi. Ushakula?"

"Nimekula."

"Muongo we! Kaa hapo." Akaniletea muhogo na samaki wa kukaanga, akasimama pembeni kuhakikisha natafuna. Jamani, sijawahi kula chakula kigumu kumeza namna ile.

Jumanne nzima nilifunga koki. Niling'oa mpini wa ile ya zamani, ule aliokuwa akiuzungusha kwa mkono, nikaweka kisanduku chenye betri yake na laini yake ya simu. Bi Riziki alinishikia spana bila kuombwa.

"Hebu n'kuulize. Hii itajuaje wakati wa kufunga?"

"Imejifunza, Bi. Imesoma takwimu za miezi mingi."

"Mashaallah. Mimi tangi hili n'nalisoma mwaka wa kumi na tisa, na bado lanitoa jasho."

Alicheka. Mimi nilijifanya natafuta skrubu.

Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, tangi la tatu likiwa linatiririsha mafuta vizuri kabisa, ukelele ulipigwa nje: "Mvua! Mvua, jamani!" Niliangalia mlangoni, jua lilikuwa linawaka. Lakini upande wa mashariki wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi tii. Bi Riziki alikwenda mbio kwenye tangi, mkono umenyooka kushika mpini. Mpini haukuwapo.

"Acha tu, Bi," nikamwambia. "Inajiendesha yenyewe."

Alinitazama mara moja, akatoka. Banda zima lilitoka. Huko ndiko wanakokuita kuanua: karafuu zikinyeshewa zinaharibika, kwa hiyo wingu likitanda kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia jamvi lililo karibu, liwe lake au la mwingine. Hata mwenye ugomvi na jirani huanua kwanza, ugomvi huendelea baadaye. Ng'ambo ya njia bibi mmoja mzee alikuwa peke yake anavuta ncha ya jamvi. Akaniona nimesimama kama mlingoti. "We mtoto, huna mikono?" Nikakimbia.

Tulizoa, tulikunja, tulibeba. Mvua ilitukuta kwenye jamvi la mwisho. Nililowa chapachapa na, nisiwafiche, nilifurahi kama mtoto, hadi niliposikia harufu. Kijiji kizima kilinukia mafuta ya karafuu.

Tulirudi bandani tukikimbia. Umeme ulikuwa umekatika mvua ilipoanza. Pampu ya maji ya kupoozea mvuke ilikuwa imezimika, lakini koki yangu, kwa betri yake, iliendelea kupitisha mvuke kama ilivyofundishwa. Mvuke usiopoozwa haugeuki mafuta. Kazi ya siku nzima ilikuwa imetoka kwa bomba na kupotea hewani. Nikatoa simu nione programu inasemaje. Tangi la tatu: kijani. Hali nzuri.

Bi Riziki alifunga mvuke kutoka kwenye tanuri.

Tulipokuwa tunakauka nikafungua orodha ya zile siku zote alizokata mvuke, nikamsomea moja moja. Alizikumbuka zote. Siku hii tulianua kwa fulani. Siku hii mvua ilitudanganya, haikunya. Siku hii umeme ulikatika mpaka magharibi. Mwenzake wa zamu ya asubuhi hakuwa na siku kama hizo kwa sababu msimu ule mvua zilikuwa zikija alasiri.

"Mbona hukutuambia, Bi?"

"Mliniuliza?" Akanionyesha simu ya kiwanda tuliyowapa. Ukisimamisha tangi, inakutaka uchague sababu: kuni, maji, mtambo, mengineyo. "Mvua haimo humo. Majirani hawamo. Basi mimi nabonyeza mengineyo."

Na sisi Dar, kila tulipoona mengineyo, tulisoma uvivu. Orodha ile ya sababu niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Alhamisi asubuhi nilimpigia bosi. Si mjinga yule. Akasema, "Basi funga kipimo cha mvua, koki ijifunge tone la kwanza likidondoka. Na barua mpe." Nikamwambia tone la kwanza likidondoka watu wameshatoka, na umeme unaweza kuwa umeshakwenda; yule mama anafunga jua likiwa bado linawaka. Nikamwambia barua simpi, na kama ni lazima itolewe, aandike na yangu. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Bosi akakubali abaki. "Msimu huu tu," akasema.

Nikarudisha mpini. Kisha nikamweleza Bi Riziki ukweli wote, na bahasha nikamwonyesha.

"Nilijua tangu muhogo," akasema. "Mtu mwenye kheri hatafuni vile." Akakaza mpini kwa mikono miwili. "Na msimu ujao watamleta nani?"

Nikamshikia spana, bila kuombwa.

Ijumaa nilipitia bandarini Wesha, nikaona mapipa yetu yakipakiwa chomboni, pipa moja pungufu, kisha nikaenda uwanja wa ndege.

Nimerudi Dar na funzo moja: mashine yetu haikusema uongo hata siku moja. Ilijibu tulichoiuliza, na mwenye kuuliza nilikuwa mimi, niliyekaa kwenye kiyoyozi nisijue hata wingu linatokea upande gani. Neno "mvua" sasa limo kwenye orodha. "Majirani" bosi amelikataa, nami sijaacha kumsumbua.

Juzi saa tisa na nusu mstari wa tangi la tatu ulianguka tena, wekundu ukajaa kiooni. Nikampigia Bi Riziki. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hakupokea; bila shaka mikono yake ilikuwa kwenye jamvi la mtu, na nilifurahi mno.