Asidi ya Ndimu Kwenye Jino la Mbele

Jino langu la mbele lilikatika nusu kwenye shamba la shule, nilipogongwa na mpini wa jembe la mwenzangu. Tangu siku hiyo nikawa sinyooshi mkono darasani. Nikiulizwa swali najibu nimeziba mdomo, na wavulana wakaanza kuniita Kibogoyo. Kwa hiyo nilikwenda kwa daktari wa meno, kule Temeke, nikiwa radhi kuvumilia lolote.

Lolote lenyewe lilinuka. Ndoo ya kutemea ilikuwa haijamwagwa, mate ya watu yanaelea na nyuzi za damu. Daktari akasema asidi ya kuparuza jino, ili kiraka kishike, imekwisha na meli haijaleta nyingine.

"Nimekoroga ya ndimu, ule unga wa kutia kwenye shurubati. Itachelewa kidogo. Ila usifunge mdomo, binti. Mate yakigusa tu, kazi bure."

Akanipaka. Uchachu ukanipanda hadi masikioni, udenda ukachuruzika mpaka kwenye kola ya sare. Akasuuza, akalikausha jino kwa pampu ya mpira, na ile pampu ikanipulizia pumzi ya vuguvugu kama ya mtu aliyelala na njaa. Kisha akageukia kibao chake cha kioo kukoroga uji wa kiraka, ule unaoganda upesi. Ulikuwa wa mwisho.

Hapo akaingia mjumbe wetu wa nyumba kumi, shavu limevimba. Akanitazama, akangoja. Nikainamisha kichwa.

"Siku hizi mnaamkia kwa kichwa, kama mbuzi?"

Nikajaribu mdomo wazi. Ikatoka, "Hikaoo."

"Hiko nini? Ndiyo sekondari hiyo?"

Aibu ikanishinda. Nikafunga mdomo nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Eeh, sasa umesema."

Daktari akageuka, akaona jino limelowa. "Ah, binti!" Akachovya pamba upya, lakini ile asidi ilitaka dakika zake, na uji haukungoja. Akaugonga kwa kijiti. Ko, ko. Jino langu lilikuwa limeganda kwenye kioo.

"Urudi meli ikija."

Nikashuka, mjumbe akapanda kitini, akapanua mdomo. Harufu yake ilinifuata hadi mlangoni.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Basi ulifanya vizuri, mwanangu."

Nikaenda uani kutema uchachu uliobaki.