Likizo za Baba kwenye Mashine ya Mpunga

Mashine ya kukoboa mpunga ikiwashwa, kwanza hukohoa, halafu hunguruma mfululizo mpaka vyombo vya majirani vitetemeke kabatini. Hata leo nikiusikia mlio huo, na ile harufu ya pumba zenye joto ikanifikia, namwona baba yangu amelala juu ya magunia, mdomo wazi.

Baba alikuwa afisa wa jeshi la majini, upande wa injini. Yeye aliishi melini, sisi tuliishi Lipangalala, Ifakara, kwa sababu mama alikataa kuacha mashamba yake ya mpunga akapange chumba pwani. Tulimpata baba wakati wa likizo tu. Niwaambie ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Siku za kuja kwake zikikaribia, nilifagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inyooke, na ikipinda nilianza upya. Niliamini kwamba nyumba ikiwa safi kabisa, baba atakosa sababu ya kuondoka.

Naye alifika, akasalimia majirani, akanywa chai, akaenda kulala mashineni.

Ndivyo ilivyokuwa kila mchana. Kitandani kwake alijigeuza, akalalamika kwamba kumekuwa kimya mno, akachukua kofia akatoka. Majirani walisema baba hawaamini watu wa mashine, kwa hiyo analinda mpunga wake. Mama alisema amepata mke mwenza anayenguruma, ila hana neno naye, maana mke huyo hali wali. Alicheka sana. Mimi nilikagua shuka na kuchungulia uvunguni, nikitafuta kilichomkimbiza baba.

Siku ya mwisho ya likizo moja, mama alipika wali na kitoga, yule samaki wa mto Kilombero ambaye baba alimkumbuka hata akiwa baharini. Kwetu, baba akiwepo, hakuna aliyegusa chakula kabla yake. Nikatumwa kumwita. Njiani niliamua kumuuliza kwa nini hapendi kukaa nasi. Nililipanga swali, nikalipangua, nikalipanga tena.

Deo, mwendesha mashine, alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwache afande alale, mama," aliniambia, akishindana na injini. "Hapa ndiyo gesti yake."

Nilimwambia wali unapoa. Alimalizia mpunga uliobaki, akazima injini.

Baba aliruka kutoka kwenye magunia kabla sijamwamsha. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakutuona sawasawa. Alinishika bega, akanisukuma kuelekea mlangoni kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu.

"Panda juu," alisema. "Wewe kwanza. Juu."

Lilikuwa banda la bati kwenye ardhi tambarare. Hapakuwa na ngazi wala ghorofa. Wanawake waliosubiri zamu yao wakaangua kicheko, na mmoja akauliza, "Juu wapi, afande? Kwenye bati?" Baba alisimama, akajikung'uta pumba, akacheka nao kidogo. Tulirudi nyumbani amenishika mkono, kiganja chake kimelowa jasho. Swali langu sikuliuliza. Nilidhani nimeshajibiwa: hata usingizini alitaka nimwondokee. Kesho yake alipanda treni.

Niliishi na jibu hilo miaka mingi, nikifagia. Nilikuwa mtu mzima aliponipeleka kuiona meli yake, akikaribia kustaafu. Tulishuka ngazi nyembamba mpaka kwenye injini, na mlio ulikuwa uleule wa mashine ya Deo. Kijana wa zamu alinieleza, kama anayesimulia jambo la kawaida, kwamba kelele hiyo ndiyo inayowalaza. Injini ikinyamaza ghafla baharini, wote huamka, maana huenda kuna hatari na huku chini si mahali pa kubaki.

Nikamuuliza mtu hufanya nini hapo.

"Unamtanguliza mwenzako kwenye ngazi," alisema. "Wewe unafuata."

Baba alikuwa pembeni akisoma mita, hakutusikia. Niliona tena lile banda, wanawake wakicheka, na mtu aliyetoka usingizini akidhani anazama, mkono wake ukitafuta wa kumtanguliza.

Tulipomaliza kutazama, baba alinigusa bega, akanielekeza kwenye ngazi.

"Tangulia," alisema.

Nikapanda.